Picha ya Mahali pa Kungojea

Kisumu, 6 Machi 1988

Joto. Ziwa limelala kama sinia. Mke wangu Seline amekunywa uji nusu kikombe, akausifu, nami nikajifanya nimeamini.

9 Machi

Mvua ya kwanza. Imenikuta sokoni Kibuye nikitoka kutafuta dawa, nikajikinga katika kibanda cha mchoraji wa mabango. Mbele amepanga kazi za wateja: kichwa kilichonyolewa vizuri, cha bango la kinyozi, kuku wa kukaanga, ng'ombe wa bucha anayetabasamu bila kujua yanayomngoja. Nyuma kulikuwa na mbao nyembamba zimegeuziwa ukutani. Mvua ilipiga mabati hata hatukuweza kuzungumza. Basi nikageuza ubao mmoja.

Ni chumba cha kungojea cha abiria wa daraja la tatu, stesheni ya hapa Kisumu. Nakijua. Ukuta ni kijani nusu ya chini na krimu nusu ya juu, rangi za kila jengo la serikali ambalo nimewahi kupanga foleni ndani yake. Benchi refu. Dirisha la tiketi limefungwa. Mwanga unaingia kupitia mlango ambao mchoraji hakuuonyesha, unatambaa sakafuni mpaka mguu wa benchi, unaishia hapo. Hakuna mtu. Hakuna hata ganda la muwa.

Nilisahihisha prufu kwa miaka mingi katika kiwanda cha uchapaji kule Jinja, Uganda, mpaka mwaka wa sabini tulipoambiwa sisi wafanyakazi kutoka Kenya turudi kwetu. Kazi yangu ilikuwa kuona kilichokosekana katika ukurasa. Leo nimeikagua picha hii kama ukurasa, na sikuona kosa. Hata hivyo kuna kitu kimekosekana, na hicho ndicho kilichonishika kifuani kama mkono wa mtu ninayemfahamu.

Mvua ilipopungua nilimuuliza mchoraji kwa nini hakuweka watu. Anaitwa Laban Wakoli, Mbukusu wa upande wa Bungoma, mtu wa miaka thelathini na kitu mwenye rangi chini ya kucha.

"Mzee, nikiweka mtu, kila mteja anauliza huyu ni nani. Nikimtoa, hakuna anayeuliza. Anasimama tu hapo, kama wewe."

11 Machi

Mvua. Seline amelala vibaya.

13 Machi

Nimeinunua. Nimeitundika mkabala na kitanda chetu, maana chumba ni kimoja na hakuna ukuta mwingine. Mama Agneta, jirani anayeuza omena, dagaa wa ziwani, aliingia kumwona mgonjwa akabaki kuitazama picha, mikono kiunoni.

"Mzee Ogola, umenunua picha ya benchi? Si ungeenda kwa seremala akupe benchi lenyewe, ukakalia?"

Seline alicheka mpaka tumbo likamuuma, na hiyo pekee ilitosha kunifanya nimshukuru Agneta. Lakini alipoondoka, Seline aliniambia kwa sauti ya chini nigeuze kitanda. Hataki kuamka akitazama mahali ambapo watu wameondoka.

Nilimwambia hawajaondoka, hawajafika. Akanitazama kama anavyonitazama ninaposoma gazeti la juzi.

Naandika hapa nisichoweza kumwambia. Picha hii inanirudisha Malaba, kwenye banda la forodha tulikolala usiku ule wa mwaka wa sabini na masanduku yetu. Oduor, mtoto wetu wa pekee, alibaki Jinja kumaliza chuo cha ufundi. Alikuwa na miaka kumi na minane. Alisema atatufuata mitihani ikiisha. Aliandika barua miaka michache, kisha nchi ile ikaharibika na barua zikakatika. Hatujui. Mimi na mama yake hatujawahi kutamka neno jingine zaidi ya hilo. Yeye huniita Wuon Oduor, baba yake Oduor, nami humwita Min Oduor, mama yake, na kila tunapoitana tunamweka hai.

Ajabu ni kwamba banda lile la Malaba, lililonuka mkojo na kahawa mbichi, ndilo ninalolitamani. Silitamani kwa uzuri. Nalitamani kwa sababu tulipokuwa ndani yake hakuna kilichokuwa kimeamuliwa.

18 Machi

Nimerudi kwa Wakoli. Amenionyesha zote. Ukumbi wa hospitali siku ya Jumapili alasiri, milango mingi pande zote mbili na yote imefungwa. Gati bila meli, kamba imezungushwa kwenye chuma na haijafunga kitu. Darasa wakati wa likizo, viti vimepinduliwa juu ya madawati. Kituo cha basi cha Kisian saa ya jua kali, kivuli cha paa kimelala barabarani bila mtu wa kukikalia. Kila moja ni mahali ambapo mtu hakai, anapita tu. Nadhani ndiyo maana panatisha wapitaji wakikosekana. Nyumba ikiachwa inakuwa gofu, ina historia yake. Ukumbi ukiachwa hauna historia, una nia tu. Unaendelea kukuelekeza mahali.

Nilimuuliza kama hauzi. Akasema watalii wanataka tembo, na watu wa hapa wanadhani amechora mahali ambapo watu wamekimbia wadai. Tukacheka.

20 Machi

Daktari ameniita kando, ukumbini mwa hospitali, rangi ile ile ya kijani na krimu. Uvimbe umeenea. Hakuna cha kukata. Nimpeleke nyumbani, apumzike, ale anachotaka. Alisema nyumbani kana kwamba ni neno rahisi.

Nilimwambia Seline ukweli kwa sababu aliniuliza, na hajawahi kuniuliza jambo asilotaka kujua. Alikunja ncha ya leso yake akaikunjua. Kisha akasema:

"Miaka yote hii nimepika kwenye vyumba vya watu. Nataka nyumba yangu Nyakach. Si ya kuzikiwa. Ya kupika."

Nikaanza kusema lile ninalosema siku zote: mtu wa umri wangu hajengi ovyo, anatoka kwa baba yake na kuanzisha boma lake, na mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayetangulia na shoka. Nikianzisha bila Oduor, nitakuwa nimemzika mwanangu kwa mkono wangu. Alinikatiza.

"Basi usianzishe boma. Weka nyumba ndani ya boma la baba yako, kama mke wa kijana. Sitaona aibu. Oduor akirudi ataulizia nyumba ya mama yake, Wuon Oduor. Hataulizia benchi."

22 Machi

Ndugu yangu Opiyo amekuja kutoka Nyakach na ndizi na kuku aliyefungwa miguu. Ni mdogo wangu, mtu wa maneno machache, ndiye aliyebaki kutunza boma la baba sisi tulipotawanyika. Nilimtoa nje, tukasimama kwenye veranda mvua ikinyesha, nikamwomba ajenge nyumba.

Aliuliza kama daktari amesema. Nikamwambia amesema. Akauliza, ndani ya boma la baba? Nikasema ndiyo. Akauliza kama nitakuja mwenyewe kusimamia. Nikasema siwezi kumwacha Seline. Nikamsihi afanye haraka, mvua isitutangulie.

Alishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akaushika muda mrefu. "Nimeelewa," akasema. "Wewe usiwe na wasiwasi. Hutaaibika."

Nimekuwa nikimdharau Opiyo kidogo, moyoni, kwa kuwa hakusoma na hakwenda popote. Leo nimeona ni mtu mkubwa kuliko mimi.

27 Machi

Mvua. Mtaro wa hapa mtaani kwetu, Nyalenda, umefurika. Nimesoma, nimepika, nimefua.

3 Aprili, Pasaka

Seline ameketi mlangoni akisikiliza kwaya ikipita. Amemuuliza Agneta jinsi dada zake wanavyosiriba ukuta siku hizi, kama bado wanachanganya majivu ili upate rangi ya njiwa. Wamezungumza ukuta mchana kutwa. Amemgawia Agneta mapambo ya pembeni mwa mlango na yeye amejibakizia sehemu ya mafiga, kwa sababu, anasema, Agneta ana mkono wa haraka na mafigani kunahitaji mkono wa polepole.

Sijamwona hivi tangu mwaka jana.

6 Aprili

Mtu wa kwetu ametoka Katito na salamu za Opiyo: nyumba imekwisha. Nimeshangaa. Siku chache tu, na mvua hii! Nimemwambia Seline, akafumba macho akatabasamu. Anataka kwenda kesho. Lakini hawezi hata kufika chooni bila kushikwa, na barabara baada ya Ahero inasemekana imekatika.

10 Aprili

Nimekuwa nikienda stesheni alasiri Seline anapolala. Naketi katika chumba cha kungojea, kile chenyewe. Kina watu, vikapu, mtoto anayelia, na hakinigusi hata kidogo. Narudi nyumbani naitazama picha, nayo inanigusa. Nimejaribu kujieleza. Nadhani katika chumba chenyewe mimi ni abiria mmoja asiye na tiketi. Katika picha, mimi ndiye wa kwanza kufika, au wa mwisho kubaki, na sijui ni lipi, na kutojua huko ni kutamu kama jino linalouma unapolibonyeza kwa ulimi.

Nimemwambia Wakoli haya. Akasema, "Mzee, wewe unaona mengi. Mimi nilichora kwa sababu siku hiyo nilikosa treni."

12 Aprili

Wakoli amepata kazi Katito, kuandika jina la mashine mpya ya kusaga. Kutoka pale hadi kwetu si mbali. Nimemwomba afike kwa Opiyo akachore nyumba ya Seline, ndani, kama ilivyo, ili aione kabla ya barabara kukauka. Seline mwenyewe amemwagiza: "Usiongeze kitu, mwanangu. Na usipunguze."

17 Aprili

Ameileta.

Nimeipokea kwenye veranda, nikafungua gazeti lililoifunika. Ni kazi yake bora kuliko zote. Chumba kimoja, kuta za udongo ambazo bado zina alama za vidole. Sakafu ya udongo, tupu. Mlango uko wazi, mpana, na mwanga wa mvua, ule mweupe usio na jua, unaingia kwa wingi na kujaza chumba mpaka ukuta wa nyuma. Hakuna kitu kingine. Ni utulivu wa mahali ambapo jambo linakaribia kutokea.

Wakoli hakusema mengi. Nilimuuliza jinsi Opiyo alivyompokea. Akasema vizuri, walimpa samaki. Akavuta pumzi kama anataka kuongeza neno, kisha akasema ana kazi ya kinyozi mmoja, akaenda.

Sijamwonyesha Seline. Nimeiweka nyuma ya kabati. Nilijiambia nangoja apate nafuu kidogo. Ukweli ni kwamba naogopa atasema kuna upweke, na nataka kuwa nayo peke yangu kwa muda.

18 Aprili

Nimeitazama mara nyingi.

19 Aprili

Vivyo hivyo.

20 Aprili

Leo nilienda bombani. Nimerudi nikamkuta ameketi kitandani na picha magotini. Agneta aliitoa alipokuwa akifagia. Agneta mwenyewe alikuwa amesimama kando, hana utani.

Seline hakuinua macho.

"Hii ni nyumba ya nani?"

Nikasema ni yake. Nikaongeza, Mungu anisamehe, kwamba ni nzuri sana.

"Nitapika wapi?"

Nilimwambia labda kazi ndogondogo zimebaki, mafiga ataweka yeye mwenyewe.

"Wuon Oduor, njoo karibu. Wewe ulilipwa kuona makosa." Aliweka kidole kwenye ubao. "Hakuna ukuta wa ndani. Tutalala wapi, wageni wakiingia? Hakuna dirisha la kutoa moshi. Sakafu wameipiga sawa yote mpaka pembeni, hawakuacha mahali pa mafiga. Na huu mlango. Nyumba ya mama yako ilikuwa na mlango wa upana huu?"

Nilikuwa nimeanza kuona.

"Hii ni ya kulala usiku mmoja," akasema. "Ni ile wanayomjengea mtu aliyekufa bila nyumba, mwili upate pa kuingia. Mimi bado naongea, na Opiyo amekwisha kunipimia mlango wa jeneza."

Agneta alijifunika uso kwa leso. Mimi nilisimama na ndoo mkononi.

Ndipo Seline akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kweli kujua: "Umekuwa nayo siku hizi zote. Ulikuwa ukiitazama ukifurahia nini?"

Ni kaburi lenye paa. Nililiona nikaliita utulivu. Macho yangu yamezoea sana mahali pasipo na mtu, hata yameacha kuuliza mtu ameenda wapi.

21 Aprili

Nimemwendea Wakoli. Nilikuwa nimejiandaa kumkemea kwa kunyamaza. Akaacha brashi, akafuta mikono.

"Nilijua, Mzee. Kwetu Bungoma nyumba za hivyo ziko. Lakini Mama aliniambia nisiongeze na nisipunguze. Nikasema, nikichora sawa, watajionea."

Nimegeuza picha ya benchi ikatazama ukuta.

23 Aprili

Seline anataka kwenda. Daktari anasema safari itamfupishia siku. Seline amemwambia ifupishe, mradi zilizobaki ziwe na jiko. Mwenye mashine ya kusaga ya Katito ana pikapu inayorudi Jumatatu. Wakoli ametuombea nafasi mbele.

25 Aprili, Nyakach

Tumefika. Naandika nikiwa nimeketi kwenye gunia.

Barabara ilikuwa matope mpaka Katito, na baadaye matope zaidi. Seline hakulalamika. Aliuliza majina ya kila kilima kama mtoto, ingawa anayajua.

Opiyo alikuwa langoni mwa boma. Alipomwona Seline ameketi mbele, macho wazi, akishuka kwa miguu yake huku nikimshika, alirudi nyuma hatua moja. Nadhani alitarajia pikapu ilete kitu kingine. Apiyo, mkewe, ndiye aliyekuja kutupokea.

Sikungoja nipumzike. Nilimuuliza ndugu yangu mbele ya watu alikuwa amejenga nini. Sikuinua sauti. Ingekuwa afadhali ningeinua.

Opiyo alitazama chini, akazungumza polepole.

"Ulisema daktari amesema. Ulisema ndani ya boma la baba, si boma lako. Ulisema wewe huji. Ulisema haraka. Ndugu yangu, mtu akiniambia hayo yote kwa pamoja, hapa kwetu, nitajenga nyumba gani? Tulijenga kwenye mvua, tukiwa tumejifunika magunia. Niliogopa mwili ungefika ukakosa pa kuingia, watu wakakucheka. Nilikuwa nakulinda."

Ni kweli. Kila neno alilolikariri nililisema mimi, na kila neno lina maana hiyo kwa mtu yeyote aliyebaki nyumbani. Mimi ndiye niliyeacha kuijua lugha ya mahali hapa, ingawa nayajua maneno yake yote. Yeye alinisikia sawasawa.

Seline ndiye aliyesema, akiwa ameegemea mlango wa pikapu.

"Shemeji, kazi yako ni safi. Ila umewahi kidogo."

Apiyo alicheka kabla hajaweza kujizuia, kisha wengine, na mwisho Opiyo mwenyewe, machozi yakimtoka.

Seline hakutaka kuingia kwanza kwa Apiyo kunywa chai. Aliomba mawe matatu. Alichagua mwenyewe, akakataa mawili, akakubali mengine. Wakamchimbia sakafu upande wa kulia, akayapanga akiwa amepiga magoti, akachukua muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Apiyo akaleta kaa la moto kutoka kwake juu ya kigae. Kuni zilikuwa mbichi. Nyumba haina dirisha, basi moshi ulijaa mpaka sote tukatoka nje tukikohoa, isipokuwa yeye. Nilimwona kupitia mlango ule mpana kama kivuli, akipuliza.

Tumekula ugali wake usioiva vizuri. Tutalala hapa, mimi na yeye.

28 Aprili

Opiyo ametoboa dirisha. Anajenga ukuta wa ndani.

2 Mei

Seline amemwita Opiyo akamwonyesha mlango. Anataka upunguzwe, uwe wa mtu mmoja kuingia akiinama kidogo, kama wa mama mkwe wake. Opiyo akanitazama. Alijua, na mimi nilijua, nini kitakuja na upana gani kitahitaji. Nilimwambia afanye kama alivyoambiwa. Amesimika nguzo mbili ndani ya uwazi, akafunga fito, na alasiri nzima tumekandika udongo, yeye upande mmoja na mimi upande wa pili. Ni mara ya kwanza tunafanya kazi ya mikono pamoja tangu tukiwa watoto. Ananikosoa sana. Nakandika kama karani, anasema.

8 Mei

Mvua. Agneta amekuja kutoka Kisumu na omena. Wamesiriba mafigani, Seline ameketi na kuonyesha kwa kijiti. Rangi ya njiwa.

9 Mei

Mvua.

15 Mei

Maumivu mengi. Akitulia anahesabu vitu: vyungu, ungo, kuku wawili wa Apiyo wanaokuja kulala ndani. Ukuta umeanza kuwa mweusi juu ya moto. Anaupenda weusi huo kuliko mapambo. Anasema ndio unaoonyesha kwamba kuna mtu.

Nimemuuliza kama anamfikiria Oduor. Akasema kila siku, lakini si kwa namna ile ya zamani. Zamani alikuwa anamngojea. Sasa, akasema, anampikia, na kama hakuja, chakula kinaliwa.

29 Mei

Hapiki tena. Apiyo anakuja kuwasha. Seline anamwambia aweke kuni ndogo kwanza, kila siku, na Apiyo anaitikia kila siku kana kwamba hajui.

11 Juni

Min Oduor amefariki leo asubuhi, baada ya mvua kukatika, moto ukiwaka.

12 Juni

Siandiki.

15 Juni

Tumemzika.

Jeneza lilitengenezwa Sondu. Walilileta jana alasiri, wakaliweka uani mbele ya nyumba, na kila mtu akaona lisilohitaji kusemwa. Halingepita. Hata wakiliinamisha.

Opiyo alienda akaja na panga. Alisimama mbele ya mlango ambao aliujenga mpana, kisha akaupunguza, na sasa alikuja kuuvunja. Wazee walimwambia afanye haraka. Jeneza lazima liingie ndani, walisema, mwanamke anazikwa kutoka nyumbani kwake, ndiyo maana ya kuwa na nyumba. Mmoja alisema kuvunja ukuta si neno, udongo upo wa kuziba.

Nilimshika Opiyo mkono. Nilisema, "Acha mlango. Ameuomba hivi."

Wakaniuliza sasa itakuwaje. Nikasema yuko ndani tayari. Amelala humu siku zote hizi, hakuna haja ya kumwingiza. Jeneza lingoje nje, yeye atatoka kuliendea.

Walinong'ona. Mzee mmoja alikasirika akaondoka, na sijui kama atarudi. Lakini Apiyo aliingia ndani, Agneta akamfuata, nami na Opiyo tukaingia. Tulimwinua kwa shuka, wanne, tukamtoa kwa mlango wake. Ilitubidi tuiname. Ilitubidi twende mmoja nyuma ya mwingine, polepole, tukielekezana, kama watu wanavyomtoa mgonjwa akaote jua. Apiyo alishika kichwa chake kisigonge mwimo.

19 Juni

Wakoli amefika leo kunipa pole. Hakuwa ameiona nyumba tangu alipoichora. Alisimama katikati ya chumba muda mrefu, akageuka huku na huku. Niliona jicho lake likifanya kazi. Nilidhani angeniomba aichore tena, sasa isiyo na mtu, na nilijua nikimruhusu ningeitundika na kuitazama mpaka nife.

Alitazama ukuta mweusi, vyungu, leso kwenye kamba, kuku wa Apiyo ameatamia kwenye ungo, sufuria ya jana ambayo sijaiosha.

"Hapa siwezi, Mzee," akasema. "Pamejaa."

Nikamkaribisha akae. Akatafuta mahali, akakosa, akakaa mlangoni.